Simba wa Ninawi na mlango wa babu

London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Fedha za paa nimezituma jana kwa jina la Shangazi, kwa hiyo usizingoje kutoka kwa Kaka. Mimi ni mzima. Mafua yaliyonishika ni ya kupita tu.

Tangu mwezi uliopita nimepangwa kulinda vyumba vya Waashuri, watu wa Iraq ya kale, katika British Museum, na kila siku husimama mbele ya mawe yaliyotoka katika kasri la mfalme wao Ashurbanipal kule Ninawi, yaliyochongwa yapata mwaka 645 KK. Mfalme anawinda simba waliofunguliwa vizimbani, na mtu aliyejibanza juu ya kizimba anaonekana akiinua mlango wake. Uso wa mfalme umetulia kabisa, ndevu zake zimechongwa kifundo kwa kifundo. Lakini mimi humrudia simba jike aliyechomwa mishale mgongoni: miguu ya nyuma imekufa, anaiburura, na bado amejiinua kwa ile ya mbele huku akinguruma. Mfalme aliagiza sifa zake mwenyewe, ila naamini moyo wa fundi ulikuwa kwa yule simba.

Juzi mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini fahali wenye mabawa na vichwa vya watu, waliolinda lango la Sargon, mfalme mwingine wa Waashuri, wana miguu mitano. Nikamweleza kwamba ukimtazama kwa mbele amesimama, na ukimtazama kwa ubavu anatembea. Wanafunzi wake walinipigia makofi, Mama, natamani ungekuwepo.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mawe haya ya simba yalifukuliwa kuanzia mwaka 1853 na Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, Iraq, ng'ambo tu ya mto kutoka Ninawi, yakabanduliwa ukutani na kuletwa huku. Leo mtoto wa Mosul akitaka kuyaona hana budi kuomba viza. Nami nasikia Kaka amekwishapatana bei ya mlango wa babu, eti ni mbao kuukuu. Bangili ya mfalme ina ua la duara lenye petali nyingi, na nilipoliona mara ya kwanza nililikumbuka lile ua alilolichonga babu kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, hata machozi yakanilenga. Mwambie asiuguse mlango huo mpaka nije Desemba. Kama shida ni fedha, deni lake nitalilipa mimi.

Naomba Shangazi aupige picha mfaa wote, kuanzia juu hadi kizingitini, maana sikumbuki kama ua la chini lilikwisha kuliwa na mchwa.

Wako akupendaye,
Mwanao