Kwa Nini Sikukununulia Kile Kibati

Grand Rapids, Michigan

Mpendwa ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Baada ya salamu, natumaini wewe, mama na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila baridi bado haijatuachia.

Nakuandikia kuhusu kile kibati cha tangazo ulichoniagiza kwa ajili ya ukuta wa mkahawa wako hapo Mombasa, chenye yule mama mnene wa kilemba chekundu anayecheka, ambaye ulisema anafanana na shangazi yako. Nilikipata, na bei haikuwa mbaya. Nilikishika, kisha nikakirudisha rafuni.

Yule mama ni Aunt Jemima, chapa ya unga wa chapati za maji iliyopewa jina hilo mwaka 1889. Mwanamke wa kwanza kuajiriwa kumwigiza, Nancy Green, alizaliwa utumwani Kentucky, na mwaka 1893 alisimamishwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago apike mbele ya umati huku akisimulia hadithi tamu za mashamba ya watumwa ya Kusini mwa Marekani. Bidhaa yenyewe ilikuwa kile kicheko, yaani mtumwa aliyeridhika. Jina hilo limeachwa juzijuzi tu, mwaka 2021.

Kwenye rafu hiyohiyo, kati ya birika na sahani za maua, palikuwa na kibubu cha chuma cha namna iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1880: kichwa na kifua cha mtu Mweusi, midomo mikubwa myekundu, kiganja kimekingwa. Muuzaji, mzee mpole, alikiwekea senti kiganjani, akabonyeza kichuma cha nyuma. Mkono ukapanda, macho yakageuka, senti ikamezwa. Alicheka, akanitazama usoni, akaacha kucheka. "Ni historia tu," akasema. Kijikaratasi cha bei kilitaja chuma na rangi ya asili, lakini hakikusema neno juu ya nani alikusudiwa amcheke nani.

Kaskazini ya hapa, mjini Big Rapids, Chuo Kikuu cha Ferris State kina makumbusho ya vitu hivi hivi, yaliyoanzishwa na mwanasosholojia Mweusi, David Pilgrim. Husimulia kwamba kitu cha kwanza cha aina hii alichonunua utotoni huko Alabama alikipigiza chini mbele ya muuzaji. Baadaye alikusanya maelfu, akavikabidhi kwa chuo hicho mwaka 1996. Huko vibubu vinakaa karibu na mabango yaliyotenga mabomba ya maji ya Weusi na Weupe, na hapo hakuna anayecheka.

Kwa hiyo sisemi vivunjwe. Wapo Weusi wanaovikusanya majumbani mwao ili visiangukie kwa wanaovifurahia, nami nawaelewa, ingawa bei inavyopanda ndivyo wajanja wanavyotengeneza vipya na kuvizeesha kwa kutu. Lakini mkahawani kwako, Salim, nani atasimama kueleza? Siku akiingia mgeni Mweusi kutoka Marekani akamkuta bibi yake ametundikwa juu ya sinia la mahamri, utamwambia anafanana na shangazi yako?

Nimekununulia bati la tangazo la mafuta ya taa, lina kutu kidogo pembeni. Mdogo wangu atakuja nalo mwezi ujao, pamoja na pesa zilizobaki. Usimkatalie kula kwako, maana atakuja na njaa ya safari.

Wako rafiki,
Athumani