Kabla Hujanunua Hayo Matairi

Swahiba wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya. Mimi sijambo, ila mikono ingali inanuka oili ya difu kwa kazi niliyoimaliza jana jioni. Nimeisoma barua yako mara mbili na kuitazama kwa makini picha ya M35A2, lile lori la jeshi la Marekani la tani mbili na nusu, uliyoipata mnadani. Ni lori zuri, na fremu yake inaonekana haijaliwa na kutu. Hata hivyo, umeniomba nikusaidie kuchagua matairi makubwa kwanza na mengine yafuate baadaye, nami naona umeanzia mkiani.

Tairi la asili la lori hilo, yaani la saizi ya 9.00-20, lina kipenyo cha takriban mita 1.03. Lile la 395/85R20, linalovaliwa na malori ya jeshi la Marekani ya jamii ya FMTV, lina mita 1.18 hivi, na hilo la 14.00R20 unalolitamani, ambalo M939A2 ya tani tano hutoka nalo kiwandani, hukaribia mita 1.25. Kumbuka kwamba difu, yaani lile bonge la gia lililo kwenye ekseli, hupanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo, kwa hiyo gharama yote ya 14.00R20 itakununulia sentimita 11 za nafasi chini ya ekseli. Si haba, lakini si mlima uliokuwa ukiuwazia.

Sasa tazama upande wa gia. Ekseli zako za tani mbili na nusu zina uwiano wa 6.72 kwa 1, yaani shafti ya kuendeshea huzunguka mara 6.72 ili gurudumu lizunguke mara moja, ilhali zile za tani tano unazotaka kuziweka zina 6.44 kwa 1. Watu wengi hudhani kwamba ekseli nzito itarudisha nguvu iliyonyang'anywa na tairi kubwa, kumbe nayo inapunguza zaidi. Nimepiga hesabu ya vyote viwili kwa pamoja: kipimamwendo kitakapoonyesha kilomita 80 kwa saa, lori litakuwa linakimbia kilomita 101, na nguvu ya kuvuta itakayofika ardhini katika gia ileile itakuwa imepungua kwa kama moja ya tano. Gia ya tano ya lori hilo tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya mwendo wa tambarare, si kwa kuvuta, hivyo baada ya mabadiliko hayo gia ya nne ndiyo itakayoishika kazi ya tano ya zamani, na ile ya tano utakuwa unaitazama tu kila upandapo kilima na mzigo. Injini ile ya silinda sita ni mvumilivu, lakini haina nguvu za kugawa sadaka.

Utauliza basi ekseli ya tani tano ina faida gani. Faida yake ni uimara. Tairi kubwa ni wenzo mrefu: linapokwama kwenye jiwe nawe unakanyaga mafuta katika gia nzito, shafti ya ekseli hubeba msokoto mkubwa kuliko ule iliokusudiwa, na beringi za kitovu nazo hubeba gurudumu ambalo peke yake lina zaidi ya kilo 100. Ikiwa utabeba mizigo mizito porini juu ya 14.00R20, nakubaliana nawe kwamba ekseli za tani tano ni lazima. Lakini ikiwa safari zako ndizo ulizonieleza, yaani kambi, maji, kuni na watu watatu, ningebaki na ekseli zilizopo, ambazo ni imara mno kwa umbo lake, niondoe magurudumu pacha ya nyuma, na kuweka matairi sita ya 395/85R20 badala ya kumi ya sasa. Yawe sita ya kipenyo kimoja, tafadhali. Usije ukaweka makubwa nyuma na ya zamani mbele, kwa maana ekseli ya mbele inapoanza kuvuta, tofauti hiyo hugeuka kuwa vita ndani ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli za mbele na za nyuma.

Jambo linaloninyima usingizi ni breki. Breki za M35A2 ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo, na mafuta yote hupita katika mkondo mmoja; bomba moja likipasuka, magurudumu yote yamekosa breki kwa pamoja. Hili sikulisoma mahali. Mwaka nilipolivalisha lori langu matairi mapana, nilizungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho nikiwa juu ya sakafu ya saruji, nikaona tairi haligusi kitu, nikaridhika. Siku ya tatu, nikiteremka kwenye korongo huku gurudumu la mbele la kushoto likiwa limenyanyuka na usukani umekatwa wote, bega la tairi liliusugua mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kwenda kwenye gurudumu. Nilipokanyaga, pedali ilikwenda hadi chini bila upinzani wowote, laini kana kwamba nakanyaga sponji. Niliokolewa na gia ya kwanza, breki ya mkono, na ukingo wa udongo uliokuwa upande wa kulia. Niliposhuka niliuona ule mpira: umelika ukawa bapa upande mmoja, nyuzi zake zimetokeza, na mafuta yanachuruzika juu ya rimu. Kosa lilikuwa langu tupu. Tangu siku hiyo sijaribu nafasi ya tairi bila kulipandisha gurudumu moja juu ya gogo ili kamani, yaani springi ya mabamba, ijikunje kabisa, kisha ndipo ninapokata usukani.

Kwa hiyo, kabla ya tairi lolote, badilisha mipira yote ya breki, fungua masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, na umwulize fundi wako kuhusu kuugawa mkondo huo uwe miwili, wa mbele na wa nyuma. Ukiamua kuchukua ekseli za tani tano, chukua na breki zake zote, wala usiache ngoma za breki za ekseli moja zikitegemea pampu ya nyingine.

Kuhusu rimu, ekseli zako zina bolti sita, na rimu za FMTV zina kumi. Wapo watakaokuuzia bamba la kuunganisha. Mimi ningechagua kukata kitovu cha rimu, kukikereza upya na kukichomelea kwa fundi mwenye cheti, kisha kulizungusha gurudumu na kulipima kama linayumba. Nati za upande wa kushoto zina meno ya kinyume, zimeandikwa L, nami nimekwisha kumwona mtu mzima akining'inia kwenye spana akizikaza huku akidhani anazifungua. Ukikutana na rimu yenye pete ya kufungia, usiijaze upepo nje ya kizimba cha chuma hata kama una haraka, na kaa mbali nayo ukitumia mpira mrefu. Pete ile ikichomoka haimchagui mtu.

Usukani utakuwa mzito, kwa kuwa lori lako halina msaada wa haidroliki. Hilo mikono yako itakueleza yenyewe, na kifaa cha kulisaidia kinaweza kungoja.

Naomba unipimie vitu vitatu unijulishe: umbali kutoka kamani ya kushoto hadi ya kulia kwenye ekseli ya mbele, nafasi kati ya tairi na mpira wa breki usukani ukiwa umekatwa wote, na uzito wa kila ekseli lori likiwa na mzigo wako wa kawaida. Yule muuzaji wa 14.00R20 mwambie asubiri. Angalia pia zile tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa kwenye ubavu wa matairi yake, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa kuwa tairi la jeshi huweza kukaa ghalani miaka mingi likiwa na meno mapya na mpira uliokwisha kukauka.

Wasalaam,
Swahiba wako