Kiki dhaifu haiponi kwa spika kubwa

Mhariri,

Msomaji wenu aliyelalamika juma lililopita kwamba nyimbo za vijana wa Pwani hazina mshindo amesema kweli. Nisichokubaliana naye ni pale anapotaka kumbi za harusi zinunue spika kubwa zaidi. Mimi natengeneza muziki hapa Langoni, Lamu, na ugonjwa huo ni wa kiki, yaani ule mdundo mzito wa chini unaobeba wimbo; naujua kwa kuwa umenipata mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa na wimbo wa harusi. Kiki niliijenga kwa sauti tatu. Chini niliweka wimbi laini la kompyuta linaloteremka haraka na kutua kwenye hezi 49 (mitetemo 49 kwa sekunde), yaani noti ya G, maana wimbo wenyewe ulikuwa kwenye G. Katikati, ngoma ya vumi ya mzee mmoja wa mtaani. Juu, pembe ya vugo, ule mlio mkavu wa fimbo juu ya pembe ya nyati. Kila sauti peke yake ilipendeza. Nikizicheza pamoja, kifua hakishtuki. Nikapandisha sauti, nikapandisha tena, yakawa makelele yasiyo na uzito.

Usiku wa tatu nikayakuza mawimbi kwenye skrini. La kompyuta lilianza kwa kupanda, la vumi kwa kushuka! Maiki niliiweka upande unaopigwa. Mkono ukitua, ngozi huikimbia maiki kwanza, hewa ikavutwa kabla ya kusukumwa. Huyu anasukuma, yule anavuta, hakuna kinachosogea. Nikaligeuza wimbi la vumi juu chini kwa kibonye kimoja, na mshindo ukaja. Kisha nikaikata vumi chini ya hezi 90, ili huko chini pawe na mwenyewe mmoja.

Muda nao una hila yake. Kwenye hezi 49, wimbi moja huchukua karibu milisekunde 20. Sauti mbili zikipishana milisekunde 10 tu, zinaweza kulana. Vijana huniletea flashi zenye kiki nne zilizoshushwa kutoka intaneti, zote zikigombea kazi ileile ya chini, kisha wanashangaa besi imekwenda wapi. Hata TR-808, mashine ya midundo ya kampuni ya Roland, ya mwaka 1980, ambayo wote wanaisifu, kiki yake ni saketi moja tu inayotetemeka na kufifia.

Chumba changu pia kilinidanganya. Nyumba zetu za mawe zilifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Changu kina upana wa mita 2.8, na upana huo huamsha besi ya karibu hezi 61, pale pale kiki inapopita ikiteremka. Ukikaa katikati inapotea, ukiegemea ukuta inavimba. Meza yangu ilikuwa katikati. Siku hizi huinuka nikasikilize nikiwa ukutani na mlangoni kabla ya kugusa chochote.

Ama simu, hiyo hezi 49 haiiwezi kabisa. Pembe ya vugo ndiyo inayoibeba kiki huko, pamoja na ukwaruzo kidogo ninaoutia kwenye wimbi la chini ili lizae na sauti za juu yake, hezi 98, 147, 196 na kuendelea. Sikio likipata hizo za juu, lenyewe hujazia ile ya chini iliyokosekana.

Mzee yule aliipasha ngoma yake kwa moto wa makumbi kabla hatujarekodi, maana ilikuwa kusi na ngozi imelegea kwa unyevu. Aligonga, akasikiliza, akairudisha motoni, mara tatu. Mvumo ule siupati kwenye faili lolote la kununua. Wenye vumi, msondo na chapuo za ngozi majumbani, kutoka Lamu hadi Malindi, nawaomba mtukaribishe tuzirekodi. Safari hii nitakuja na maiki mbili, moja kila upande.

Prodyuza wa muziki,
Langoni, Lamu