Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Mtaalamu wa Picha za Mapafu

Profesa, mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu mliofunga vibanda vya Gikomba na karakana za Kariobangi ili mje, wanafunzi wenzetu, hamjambo? Itifaki imezingatiwa.

Karibu Eastlands, Profesa. Vigelegele vya Kidato cha Pili vimekwisha kusema yale ambayo risala hii ingesema kwa aya nzima.

Tulipoambiwa kwamba unakuja, tuliketi maktabani kukusoma. Tulitarajia vyeo, tukakuta orodha ndefu ya makala za utafiti, na kando ya kila makala nambari. Mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba hiyo ni idadi ya mara ambazo watafiti wengine wameinukuu kazi yako. Nambari nyingine, fahirisi ya h, ilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa San Diego, Marekani. Mtafiti mwenye fahirisi ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Makala moja iliyovuma haitoshi, na makala mia zisizosomwa hazimwongezei mtu kitu. Basi wengine wetu wakaanza kukulinganisha na maprofesa wa fani nyingine kama mashabiki wanaobishana juu ya jedwali la ligi, mpaka mwalimu akatukataza. Fani yenye watafiti wengi hunukuana zaidi, na aliyeanza juzi hawezi kumfikia aliyeandika miaka thelathini.

Kisha akatusimulia habari za Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956 Cormack alikuwa mhadhiri wa fizikia Cape Town, akaombwa kusaidia kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur. Aliona kwamba matibabu ya mionzi yalipimwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, ilhali mfupa, misuli na pafu hunyonya mionzi kwa viwango tofauti. Akatafuta hesabu ya kuonyesha yaliyomo ndani ya mwili kwa kupitisha mionzi kutoka pande nyingi, akaichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba ombi la kuvutia zaidi la nakala lilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji! Mwaka 1971, mhandisi Godfrey Hounsfield na wenzake London walimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya skani ya CT, yaani picha ya ndani ya mwili ambayo kompyuta huiunda kutokana na eksirei za pande nyingi, na mwaka 1979 Hounsfield na Cormack wakagawana Tuzo ya Nobel. Mtu aliyehesabu nukuu za Cormack mwaka 1966 angemshauri atafute kazi nyingine.

Kwa hiyo, Profesa, nambari zako tunaziheshimu, lakini hatukukualika kwa ajili ya hizo. Tumekualika kwa sababu ya wanaokunukuu na wanachokifanya na kazi yako. Tumeona kwamba katika fani yenu kazi zinazonukuliwa sana si lazima ziwe ugunduzi mkubwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Fleischner Society, chama cha wataalamu wa picha za kifua, walichapisha orodha ya istilahi za picha za kifua, na korona ilipofika, madaktari wa Wuhan na wa Italia waliweza kueleza ukungu waliouona mapafuni kwa maneno yaleyale. Kazi kama hiyo haina mbwembwe, na sisi tunaipenda zaidi.

Hapa kwetu jambo hili liko karibu sana. Utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulipeleka eksirei kwa wananchi huko waliko, badala ya kungoja waje wakikohoa. Uligundua wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000, kiwango kilichozidi makadirio ya awali, na baadhi yao hawakuwa na kikohozi cha kuwashtua. Wazazi wetu wanaochomelea vyuma na kupika kwa makaa wanajua kwa nini tunauliza kuhusu mapafu.

Tuna maombi matatu. La kwanza, utuachie picha chache za kifua zilizofutwa majina, pamoja na kisanduku cha taa cha kuzitazamia, hata kikiwa kikuukuu. La pili, ukubali wanachama wetu wawili wakutembelee kazini wakati wa likizo ya Agosti. La tatu ni swali: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua kikuu za watu wa miaka 15 na zaidi. Aliye Kidato cha Tatu leo na anataka kazi yako, asomee nini?

Maabara iko wazi, na Kidato cha Nne wamekuandalia jaribio la mwanga saa nane. Ahsante sana kwa kutusikiliza.