Kwako uliyeongoza mashauriano ya Karamu

Hukuacha jina, basi shukrani zikufikie hapa. Karamu ya Siku 19, mkutano ambao Wabahá'í (waumini wa dini ya Bahá'í) hufanya kila mwezi wa siku 19 wa kalenda yao, ina sehemu tatu: sala, mashauriano, kisha chai na mazungumzo. Ya katikati ndiyo huharibika: sala zikirefuka, wanaowahi matatu ya mwisho huondoka kabla ya kujadili kisima na madarasa ya watoto. Ulitupa utaratibu: kwanza hali halisi ya jambo, pili kanuni ya kiroho inayohusika, ndipo maoni. Wazo likishatolewa ni la wote, mtoaji halipiganii tena. Mapendekezo yaliandikwa, yakasomwa kwa sauti, yakapelekwa kwa Baraza la Kiroho la Mahali, linaloongoza jumuiya yetu ya hapa na lenye wajumbe 9. Na vikombe ukaosha wewe! Asante sana, ndugu yetu.