Niyeyushie hiyo theluji

Bukavu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Bahati,

Jambo sana, wewe na mama Ornella na watoto wote. Sisi tupo, Mungu anatulinda. Mama bado analalamikia miguu, lakini leo alienda misa mwenyewe, akarudi akiimba, basi usiwe na wasiwasi. Umeme umerudi mchana huu baada ya siku nne, nami naandika haraka kabla haujaondoka tena.

Nisamehe kwa kimya. Ujumbe wako wa sauti kutoka Montréal niliupata Jumatano, nikausikiliza mara tatu, na mara zote tatu nilikwama palepale: "Ndugu, theluji imefika kwenye goti." Goti la nani, Bahati? Lako au la Ornella? Wewe tangu shule ulikuwa ukiinama kupita mlangoni. Goti lako ni kifua cha mtoto. Na ilifika kwenye goti wapi: kwenye baraza, ambako upepo umeirundika, au uwanjani? Siku hiyohiyo, au baada ya siku mbili imekwisha kulala? Siulizi kukusumbua. Ni kwa sababu ya daftari langu la kupimia mvua.

Wewe ulikuwa umeshaondoka nilipolianza, kwa hiyo sidhani nimewahi kukueleza vizuri. Ilikuwa Mei 2023, baada ya Bushushu na Nyamukubi. Tarehe 4 ile mvua ilinyesha kule Kalehe, mito ikashuka na mawe na udongo, watu zaidi ya 400 wakafa. Jioni tuliposikia, avenyu nzima ilitoka nje, na kila mtu alikuwa anasema neno moja: mvua ilikuwa nyingi. Nyingi kiasi gani? Hakuna aliyejua. Na mimi ninayeishi juu ya korongo sikujua hata ya kwangu, ile iliyonyesha juu ya paa langu nikiwa nimelala chini yake. Hilo liliniuma. Kesho yake nilitafuta chupa.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu, yenye ubavu ulionyooka, maana zile zenye kiuno zinadanganya. Unakata shingo, unaigeuza juu chini iwe faneli. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo nilimwaga saruji kidogo, ikakauka, nikaanza sifuri hapo. Rula ya mtoto nimeifunga ubavuni. Ubavu ukinyooka, mdomo na tumbo vikiwa sawa, huna haja ya hesabu yoyote: maji yakifika milimita 20 kwenye rula, basi mvua ni milimita 20. Na milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa langu ni mita 8 kwa 7. Usiku wa milimita 20 linashusha lita 1,120, yaani mabido 56 ya lita ishirini, na yote yanataka kupita kwenye ule mfereji uliochimbwa ukaachwa nusu, unaokumbuka.

Mwanzoni niliiweka karibu na mti wa avoka, na majani yalikuwa yakiendelea kudondosha saa nzima baada ya mvua kwisha. Yule mzee wa kwenye kona, aliyezeekea kazini kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, ndiye aliyeniambia: kitu kikiwa kirefu, simama mbali nacho mara mbili ya urefu wake. Nilifuta kurasa za wiki tatu. Sasa chupa iko juu ya nguzo ya kaliptusi iliyosimikwa katikati ya uwanja, na naisoma kila siku saa mbili asubuhi, iwe imenyesha au haikunyesha.

Sasa sikiliza kwa nini nakuandikia haya yote. Mwezi jana jiko la jirani yetu mama Furaha liliondoka na udongo. Usiku, saa nane hivi, tulisikia kama lori linamwaga mchanga. Watoto walikuwa upande wa barabara, asante Mungu. Asubuhi chupa ilikuwa na milimita 47. Nikashangaa, kwa sababu wiki mbili kabla nilipima 52 na hata jiwe moja halikutikisika. Nilikaa na daftari mpaka chai ikapoa. Ile 52 iliangukia udongo mkavu. Hii 47 ilikuwa siku ya nne mfululizo, na siku nne zile pamoja zilifika 118. Udongo ulikuwa umeshiba, haukuwa na pa kuweka tena. Tangu siku hiyo sisomi mvua ya siku moja peke yake. Najumlisha na siku tatu za nyuma yake. Ikipita 100, watoto wa mama Furaha wanalala kwangu sebuleni. Mume wake alinikatalia mara ya kwanza. Mara ya pili aliwaleta mwenyewe, na mikeka kichwani. Ni daftari la parsele moja tu, kiwanja kimoja, najua. Lakini ni parsele yetu.

Ngoja, mtu anabisha mlango.

Alikuwa Deo, anakusalimu. Kampata yule binti wa Bagira, posa ni baada ya Noeli, na anasema usijifanye hujasikia.

Nilikuwa wapi? Ndiyo, theluji. Unakumbuka Februari ile ya 2025, M23 walipoingia Bukavu. Siku zile, tarehe 14 mpaka 16, sikuhitaji kukueleza wakati ule na sitakueleza sasa. Tulikuwa chini, sakafuni, mama katikati yetu. Sikutoka kusoma chupa. Nilipotoka hatimaye ilikuwa na maji ya siku nyingi, milimita 39, na nilitaka kuandika sifuri kwenye siku zilizopita, kisha 39 siku ya mwisho. Mzee akanizuia. Akasema siku ambayo hukupima si siku ambayo mvua haikunyesha. Chora mstari, fungia siku hizo zote pamoja, andika jumla pembeni. Nimefanya hivyo. Kila nikifungua ukurasa ule naiona ile mistari mitupu, najua ni siku zipi bila kusoma tarehe.

Na wewe siku zizo hizo ulikuwa unanipigia simu isiyopita, nawe umefungiwa. Dhoruba mbili zilifuatana huko Montréal, ya tarehe 13 na ya tarehe 16, theluji zaidi ya sentimita 70 kwa siku nne. Uliniambia baadaye ulikuwa unachimba njia mpaka barabarani huku simu iko sikioni. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Siku zilezile. Wewe hukupima, nami sikupima.

Ndiyo maana nasema msimu huu tupime. Nimesoma namna wanavyofanya, nimenakili yote, na si kazi kubwa. Chukua ubao, sentimita 40 kwa 40 unatosha, upake rangi nyeupe ili jua lisiupashe moto. Uweke kwenye majani, mbali na ukuta, mbali na paa, mahali ambapo upepo hauchezi sana. Simika kijiti kando yake chenye kitambaa, la sivyo kesho hutauona. Theluji ikianguka, chomeka rula wima mpaka iguse ubao, soma, andika. Kisha safisha ubao na uuweke tena juu ya theluji. Mara moja kwa siku inatosha, na ukiwa na moyo, kila baada ya saa sita. Usizidishe hapo. Theluji mpya ina hewa nyingi ndani na inajishindilia kwa uzito wake. Anayesafisha ubao kila saa na kujumlisha atapata namba kubwa kuliko ile iliyoko kweli, na anayengoja siku tatu atapata ndogo. Upepo ukiwa mkali, pima mahali pengi, pale iliporundikana na pale ilipokwanguliwa, uchukue wastani. Hapo goti lako litapata namba.

Lakini sentimita hizo bado hazinitoshi. Mimi nataka maji yake.

Chukua kopo lenye ubavu ulionyooka. Kabla hujasafisha ubao, lishindilie mdomo chini mpaka ligonge ubao, pitisha sahani chini yake, geuza, ingiza ndani ya nyumba, funika. Acha iyeyuke polepole. Ukiiweka jikoni juu ya moto itapotea kwa mvuke. Au mimina juu yake maji ya moto uliyoyapima, kisha uyatoe kwenye hesabu. Pima kina cha maji yaliyobaki. Hiyo ndiyo milimita, sawasawa na milimita yangu. Kwa kawaida theluji ya sentimita 10 inatoa maji ya sentimita moja, ila ile kavu ya baridi kali inaweza kutaka sentimita 15 au 20, na ile nzito yenye maji inatosha 5. Ndiyo maana magoti mawili yanaweza kulingana na kumbe moja limebeba maji mara tatu ya jingine.

Nimewahi kuyeyusha hata mimi. Septemba ilipiga mvua ya mawe, ile ya kutoboa majani ya migomba, na chupa ikajaa mawe mpaka 22. Nikaiingiza ndani, Neema akaketi mbele yake kama anayelinda sufuria. Yalipoyeyuka yote tukasoma 11. Sasa amekwisha kutangaza kwa wenzake kwamba theluji ya mlima Karisimbi, ile kofia nyeupe inayoonekana kutoka Goma baada ya usiku wa baridi, baba yake anaweza kuiyeyusha na kuipima.

Na kuna jambo lingine, hili ni la wasiwasi kweli. Ile gereji uliyonionyesha kwenye video ina paa bapa, sivyo? Kwa jicho langu ni mita 6 kwa 4. Milimita moja ya maji ni kilo moja kwa mita mraba, iwe imeganda au haikuganda. Zile sentimita 70, kama zilikuwa theluji ya kawaida, ni kilo 70 kwa kila mita mraba. Juu ya gereji ile ni kilo 1,680. Bahati, hizo ni tani moja na nusu na zaidi, juu ya mbao, na wewe unaegesha gari chini yake. Mvua yangu ya siku nne ilikuwa nyingi kuliko theluji yako, lakini yangu ilipita usiku uleule kwenda ziwani. Yako inalala juu ya paa. Inakaa wiki, inangoja nyingine, na mvua ikinyesha juu yake inainywa na kuongeza uzito. Mimi naogopa udongo ulioshiba. Wewe ogopa paa lililoshiba. Kwa hiyo unapoyeyusha kopo lako si kwa ajili ya daftari langu peke yake.

Basi ombi langu ndilo hili. Ukienda dukani, nunua vipimo viwili vya mvua vinavyofanana, vile vya plastiki vyenye faneli inayotoka. Kimoja chako, wakati wa theluji unatoa faneli ili ianguke moja kwa moja ndani. Kingine mpe yeyote anayekuja kwa njia ya Kigali. Pesa nitampa dada yako hapa, tumeshaelewana. Saa mbili ya kwangu na saa mbili ya kwako, kila siku, na Jumapili tunatumiana.

Sasa nijibu, na usijibu kwa sauti, andika: hiyo ya Jumatano ilikuwa sentimita ngapi, hata kwa kukadiria na ukuta? Ilikuwa kavu inayoruka ukiipulizia, au ile inayoshikana ukiifinya? Bado iko juu ya gereji? Nani anapanda kuisukuma, na anafungwa kamba? Ubao utauweka wapi, nyuma au mbele? Ornella anaweza kusoma rula ya milimita, au nimtumie Neema amfundishe kwa video? Na kazi ile ya usiku, umeiacha? Mama anauliza kama unakula, nimwambie nini?

Mawingu yamefunika upande wa ng'ambo ya ziwa tangu saa kumi, na jumla yangu ya siku tatu iko 83. Namalizia hapa, niende kumwambia mama Furaha atayarishe mikeka.

Ndugu yako,
Papa Neema