Sauti Uliyoitafuta Redioni

Los Angeles, Jumapili usiku

Mama, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, nikausikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka tu. Unasema umetega sikio redioni tangu wimbo unaanza hadi unaisha, mwanao humsikii, anaimba mtu baki. Halafu dada naye anauliza, kama ngoma inapigwa kila mahali namna hiyo, mbona mwezi uliopita sikutuma kitu. Yote mawili mna haki ya kuuliza, na majibu yake hayaishi kwenye simu.

Mimi siimbi, Mama. Ni prodyuza. Mkumbuke mwalimu wenu wa kwaya: siku ya kuimba anawapa watu mgongo, hafungui kinywa, lakini sauti ya pili iingie wapi, nani apunguze, ubeti upi urudiwe, yote yametoka kwake. Kazi yangu ni hiyo, ila kwaya yangu sehemu kubwa imo ndani ya kompyuta. Quincy Jones, aliyezitengeneza na Michael Jackson zile albamu tatu za 1979, 1982 na 1987, alitokea kwenye tarumbeta na kupanga muziki wa bendi. Yeye aliita wapigaji hodari, akachagua nyimbo, akajua nani akae wapi. Kwenye hip hop prodyuza mara nyingi ndiye anayeunda mdundo wenyewe, usiku, peke yake, kabla hata hajajulikana atakayeimba. Mimi nilianzia huku kwenye midundo. Kwa Quincy nasogea taratibu.

Taratibu kweli. Mwaka wa kwanza studio kazi yangu ilikuwa kukunja nyaya. Msicheke. Waya wa maiki ukiuzungushia kiwikoni kama kamba ya kuanikia nguo, unajisokota kwa ndani, na siku ya kazi unakata sauti. Unaukunja duara moja kwa juu, linalofuata unaligeuza kwa chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ukiutupa sakafuni unanyooka wenyewe. Nilikunja nyaya nikiwa kona, nawasikiliza wakubwa wanavyobishana kuhusu besi. Hiyo ndiyo ilikuwa ada yangu ya shule.

Sasa huo wimbo. Mdundo nilioupeleka ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula, maana kompyuta huweka kila pigo mahali pake pasipo kukosea. Binti mwenye kuimba akaingia, akawa anaimba vizuri lakini kama anayesoma tangazo. Tukarudia mara ishirini na kitu. Anachoka, meneja anatazama saa. Nikaishika snea, lile pigo kavu linalojibu ngoma kubwa, nikaichelewesha kidogo, milisekunde 15 hivi, kiasi ambacho sikio halijui ila bega linajua. Nikamzimia kinanda kwenye hedifoni, nikamwachia besi na ngoma peke yake. Akafumba macho. Aliyoimba safari hiyo ndiyo mnayoisikia, haikuguswa isipokuwa neno moja.

Ujanja huo si wangu. Bingwa wa kusogeza mapigo nje ya mstari namna hiyo alikuwa prodyuza J Dilla wa Detroit, aliyekuwa akipiga ngoma zake kwa vidole kwenye mashine iitwayo MPC. Alifariki Februari 2006, siku tatu tu baada ya kutimiza miaka 32. Mashine yake leo iko Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi. Aliyeitoa ni mama yake. Nilipofika pale nilisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikawa nakuwaza wewe.

Haya, hela. Dada asikilize hapa.

Redio za kawaida huku Marekani haziwalipi waliorekodi wimbo. Hata mwimbaji mwenyewe hapati senti kwa kurekodi. Wanaolipwa ni watunzi na wachapishaji wao, yaani kampuni zinazosimamia haki za nyimbo zao, kupitia vyama kama ASCAP na BMI. Mimi nahesabiwa mmoja wa watunzi kwa sababu ya mdundo, ila mdundo ule tuliutengeneza watu watatu, kwa hiyo nusu ya muziki imekatwa vipande vitatu, na nusu ya pili ni ya waandishi wa maneno. Chama hulipa kila robo mwaka, na hesabu ya leo huja miezi mingi baadaye. Ya redio za nchi nyingine huchelewa zaidi.

Upande wa kurekodi nina mirabaha yangu, wenyewe huiita pointi, yaani asilimia. Prodyuza kwa kawaida hupewa tatu au nne. Zetu tumegawana tukabaki na moja moja. Na hiyo moja haianzi kulipwa mpaka lebo, yaani kampuni inayotoa wimbo, irudishe gharama zake za kurekodi. Malipo ya awali niliyopewa nayo ni ya kukatwa humo humo, ndiyo ile niliyotuma mwaka jana mkalipia deni. Sijaficha kitu. Wimbo unatembea, hela inatambaa.

Tena kuna sekunde mbili nilizozitoa kwenye sahani ya santuri ya zamani, kinanda kizuri mno. Hiyo ndiyo kusampo. Mwaka 1991 jaji mmoja wa New York alipoamua kesi ya rapa Biz Markie, aliyetumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, alianza hukumu yake kwa amri ile ile uliyotukaririsha: Usiibe. Tangu hapo kila kipande kinaombewa ruhusa kabla wimbo haujatoka. Mimi niliomba kwa kuchelewa, ngoma ikiwa tayari imepangiwa tarehe, na wenyewe wakajua nimebanwa. Walichodai kilinifundisha adabu. Kosa langu, simlaumu mtu.

Mdogo wangu naye mwambieni asiuze kompyuta yake apate nauli ya kunifuata. Old Town Road, wimbo uliokaa namba moja Marekani wiki 19 mwaka 2019, mdundo wake aliutengeneza kijana wa Uholanzi, Young Kio, akauweka mtandaoni, na Lil Nas X akanunua leseni yake kwa dola 30. Wakati anaununua hata hawakuwa wanajuana. Naye Kio alikuwa amesampo bendi ya Nine Inch Nails, kwa hiyo ruhusa ilibidi itafutwe. Mdogo wangu akae hapo hapo apige kazi, na kila faili aandike nani kafanya nini, siku ile ile.

Sasa nirudi kwenye swali lako, Mama. Wimbo ukirudi redioni, usisubiri aanze kuimba. Sikiliza mwanzo kabisa, kabla ngoma haijaingia. Kuna mtu anasema "Haya basi." Nimeipandisha kidogo ikawa kama sauti ya mtoto, nimeipa mwangwi, lakini ni wewe. Ni ule ujumbe wa simu ulionitumia ukiwa umenikasirikia. Kila mdundo wangu sasa unaanza hivyo. Maprodyuza hujitambulisha kwa sauti ya namna hiyo, watu wajue kazi ni ya nani.

Sikukuomba ruhusa, na najua utaniuliza kuhusu ile amri. Kwa hiyo humu kuna karatasi mbili. Nimekukatia robo ya pointi yangu. Wakili alicheka, akasema neno moja la mzazi halidaiwi. Nikamwambia aandike tu. Weka saini zote mbili, moja ubaki nayo, na jina uliandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, si lile la kanisani. Herufi moja ikikosewa, hela inakaa huko huko.

Mwanao